BUNDUKI NA CHETI CHAKE: SHERIA YA SILAHA TANGU ZAMANI HATA LEO

Jembe hununuliwa dukani pasipo maswali. Mtu huja na fedha yake, akachagua, akalichukua nyumbani, na hakuna amwulizaye jina lake wala shamba atakalolima. Bunduki sivyo. Katika Kenya mtu hawezi kuinunua wala kuiweka nyumbani mwake pasipo cheti chenye jina lake, nacho cheti hicho hudumu mwaka mmoja tu, kisha hapana budi kifanywe upya. Wazee wa Meru na Embu hawahitaji kuambiwa ya kuwa jambo hili ni zito. Wamo kati yao wanaokumbuka wakati ambapo risasi ikionekana mfukoni mwa mtu iliweza kumfikisha kwenye kitanzi.

Lakini vijana huuliza: Sheria hii ilitoka wapi? Nani aliitunga, naye aliogopa nini? Tena, mbona mfugaji wa Igembe au Tigania, ambaye ng'ombe wake huibwa usiku na watu wenye bunduki, akatazwe kuwa na yake? Maswali hayo ni ya haki, na yafaa kujibiwa kwa taratibu. Tutaifuata sheria hii tangu mwanzo wake, ili msomaji aone ni nini kilichobadilika ndani yake na ni nini kisichobadilika.

BUNDUKI ZA MISAFARA

Zamani, watu wa Meru, Chuka, Embu na Mbeere walijilinda kwa mkuki, ngao, upanga na upinde. Bunduki ziliingia barani kutoka pwani pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mji wa Unguja ulikuwa mlango mkubwa wa biashara hiyo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekaa huko, Euan-Smith, alikadiria ya kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilipita kila mwaka kwenda bara. Nyingi zilikuwa magobore na bunduki kuukuu zilizoachwa na majeshi ya Ulaya yalipopata zilizo bora zaidi.

Ndipo mataifa 17 yalipokutana Brussels, katika Ubelgiji, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mapatano makubwa juu ya biashara ya watumwa. Unguja ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Ndani ya mapatano hayo mlikuwa na sehemu iliyohusu silaha. Katika Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini ya Ikweta na digrii 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake, isipokuwa kwa idhini maalum. Bunduki zilizoletwa zilitakiwa kuwekwa katika maghala ya Serikali, zisitoke humo bila ruhusa. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuuza gumegume tu, yaani bunduki ya kuwashwa kwa jiwe, isiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida.

Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: bila bunduki, mwenye kuteka watumwa hupungukiwa nguvu. Lakini hapana shaka ilikuwako na sababu ya pili. Mataifa yale yale yalikuwa yakigawanya Afrika, wala hayakupenda kuwakuta wenyeji wakiwa na silaha sawa na zao. Katazo hilo halikuwahusu askari wa mataifa hayo. Basi tangu siku ya kwanza sheria ya bunduki katika nchi zetu ilikuwa na nyuso mbili: uso wa kulinda watu, na uso wa kuwatawala.

Watu wa milimani waliuona uso wa pili upesi. Mmarekani William Astor Chanler alipofika milima ya Nyambeni, katika safari yake iliyoanza mwaka 1892, msafara wake ulikuwa na bunduki. Mwaka 1906 jeshi la Waingereza liliishinda Embu, na boma likajengwa huko. Mwaka 1908 E. B. Horne alifungua boma la Meru. Mikuki haikuweza kusimama mbele ya bunduki za kisasa, na wazee waliofanya shauri siku zile walilijua jambo hilo.

WENYE NAZO NA WASIO NAZO

Katika miaka ya ukoloni bunduki ilikuwa alama ya cheo na ya rangi. Mlowezi wa Kizungu aliweza kuwa na bunduki ya kuwindia na bastola nyumbani mwake. Mwafrika kwa kawaida aliishika bunduki akiwa askari tu, nayo ilikuwa mali ya Serikali.

Hata hivyo Waafrika wengi walijifunza kuitumia. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa Kenya waliingia katika King's African Rifles, jeshi ambalo watu huliita Keya, wakapigana Uhabeshi na Burma. Walipofika nyumbani baada ya mwaka 1945 walirudisha bunduki zao ghalani, lakini maarifa hayarudishwi ghalani. Mmoja wa askari waliokwenda Burma alikuwa Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jenerali China, mkuu wa wapiganaji wa Mlima Kenya.

Huko Uingereza nako, mwaka 1920, Bunge lilipitisha sheria ya kwamba mtu atakaye bunduki au bastola apate kwanza cheti kwa mkuu wa polisi, naye aonyeshe sababu ya kutosha. Wakuu wa nchi ile walikuwa na hofu ya silaha zilizobaki baada ya Vita vya Kwanza, na ya fitina ndani ya nchi yao. Njia hiyo ya cheti na sababu ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa sheria yetu pia.

HALI YA HATARI

Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa pamoja chini ya amri kali kuliko watu wengine wote. Wapiganaji walioingia msituni walikuwa na bunduki chache mno. Walizitafuta kwa kila njia: kwa kuziiba katika nyumba za walowezi, kwa kununua risasi kwa siri mjini Nairobi, na kwa kushambulia vituo. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walikiingia kituo cha polisi cha Naivasha wakachukua silaha nyingi. Tena walijitengenezea bunduki zao wenyewe kwa bomba la maji, komeo la mlango na vipande vya mpira. Bunduki za namna hiyo mara nyingine zilimwumiza mpigaji kuliko aliyepigwa.

Mwaka 1953 amri mpya zilitoka. Kuwa na bunduki au risasi bila idhini, au hata kufuatana na watu wenye silaha, sasa kuliweza kuadhibiwa kwa kifo. Kabla ya Hali ya Hatari kwisha, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa. Wengi wao hawakupatikana na hatia ya kuua mtu. Hatia yao ilikuwa ni silaha, risasi, kiapo, au kuonekana pamoja na wenye silaha.

Tutaje mashauri mawili. Jenerali China alikamatwa mwezi wa Januari 1954. Alihukumiwa kifo kwa kufuatana na wenye silaha na kwa kuwa na risasi mbili. Hukumu hiyo ilibadilishwa ikawa kifungo, naye aliishi hata akauona uhuru. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Wengi hudhani alihukumiwa kwa vita alivyoongoza. Sivyo. Shauri lake huko Nyeri lilihusu bastola moja na risasi sita alizokuwa nazo bila idhini. Kwa hilo alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Wakati huo huo, Serikali iliwapa silaha Waafrika iliowaamini. Katika Meru na Embu viliundwa vikosi vya walinzi wa nyumbani. Mwanzoni wengi wao walikuwa na mikuki na pinde, kisha baadhi yao wakapewa bunduki. Vijiji vilizungushiwa boma, na handaki refu likachimbwa kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili chakula na risasi visiwafikie waliomo. Basi katika ukoo mmoja ndugu wawili waliweza kushika bunduki za namna moja: mmoja akiwa na kibali cha Serikali, mwingine akikitazama kitanzi. Jambo hilo liliacha uchungu katika nyumba nyingi, na wazee wengi hawapendi kulisimulia.

SHERIA YA MWAKA 1954

Katika siku hizo za vita, sheria nyingine ilitungwa, tofauti na zile amri za hatari. Hii ilianza kutumika tarehe 1 Juni 1954, nayo ndiyo Sheria ya Silaha ambayo Kenya huru iliirithi mwaka 1963 na ambayo, pamoja na marekebisho mengi, imeendelea hata leo kama Sura ya 114 ya sheria za nchi.

Amri za hatari zilikwisha pamoja na Hali ya Hatari mwezi wa Januari 1960. Sheria ya 1954 haikwisha, kwa kuwa ilijengwa juu ya swali la kila siku: Bunduki hii ni ya nani, naye ataulizwa nani ikipotea? Mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu ya kutosha. Mlevi hapewi cheti, wala mwenye kurukwa na akili, wala mtu ambaye kwa sababu nyingine hafai kuaminiwa. Mwenye cheti yampasa aihifadhi silaha yake mahali salama na kuarifu ikipotea au ikiibwa. Muuza silaha lazima aandikishwe, naye aandike katika daftari kila bunduki iingiayo na itokayo. Na mtu akivunja masharti, cheti chake chaweza kufutwa.

Tuone basi tofauti. Amri za mwaka 1953 zilimtazama Mwafrika mwenye risasi kama adui. Sheria ya cheti, ikitumiwa kwa haki, haimtazami mtu kwa kabila wala rangi. Lakini maneno hayo, "ikitumiwa kwa haki," ndiyo mzigo wenyewe. Sheria ile ile katika mkono wa kikoloni ilimpa mlowezi bastola na kumnyima mkulima.

WALIPOTOKA MSITUNI

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, wapiganaji kadhaa walikuwa bado wamo katika msitu wa Mlima Kenya, hasa upande wa Meru. Wakuu wao walikuwa Musa Mwariama na Baimungi Marete. Serikali mpya ya Mzee Jomo Kenyatta ilitangaza msamaha: atokaye na kuweka silaha yake hataadhibiwa. Katika mwezi huo wa Desemba Mwariama alitoka na watu wake, akakutana na Kenyatta mbele ya macho ya watu. Bunduki ambazo jeshi zima halikuweza kuzipata kwa miaka mingi zilitoka kwa neno la amani.

Lakini habari haikuishia hapo. Baimungi na wenzake hawakuridhika. Waliuliza juu ya mashamba, wakaona ya kuwa waliyoyapigania hawajayapata, wakarudi msituni na silaha. Mwezi wa Januari 1965 Baimungi aliuawa na majeshi ya usalama ya nchi aliyokuwa ameipigania.

Katika habari za watu hawa wawili mna fundisho kubwa kuliko lililomo katika vifungu vya sheria. Mtu huitoa bunduki yake anapoamini kwamba yule anayempa atamlinda na kumtendea haki. Asipoamini hivyo, ataificha, hata ikiwa adhabu ni kifo.

BUNDUKI MPYA, HATARI MPYA

Baada ya uhuru, hatari ilibadilika sura. Zamani watu wa milimani walipata leseni za kuwinda, na baadhi ya bunduki ziliandikishwa kwa sababu hiyo. Tarehe 19 Mei 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote. Sababu moja ya cheti ikaondoka, lakini majangili hawakuomba cheti. Mwezi wa Novemba 1988 waliingia katika Mbuga ya Taifa ya Meru wakawaua faru weupe watano waliokuwa wakilindwa huko, kwa bunduki ambazo hazikuandikwa katika daftari lolote la Kenya.

Zilitoka wapi? Mwaka 1979, Idi Amin alipoangushwa katika Uganda, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia, na mwaka huo huo ile ya Mengistu ikaanguka Uhabeshi. Silaha za majeshi matatu zikamwagika mipakani, zikauzwa kama mbuzi wauzwavyo mnadani. Isiolo ni jirani wa Meru, na njia ya ng'ombe walioibwa ikawa pia njia ya bunduki.

Hapo ndipo ilipoonekana ya kuwa sheria ya nchi moja haitoshi, kwa sababu daftari la Nairobi haliwezi kusoma bunduki iliyoanzia safari yake Mogadishu. Tarehe 15 Machi 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikutana Nairobi na kutoa tamko la pamoja. Tarehe 21 Aprili 2004 zikatia sahihi Itifaki ya Nairobi, ambayo ilianza kuwa na nguvu mwaka 2006. Kwa itifaki hiyo kila nchi iliahidi kutia alama juu ya bunduki zake, kuweka madaftari, kuharibu silaha zilizozidi, na kuwakataza raia kuwa na bunduki za kivita. Ni mapatano yanayofanana na yale ya Brussels, lakini safari hii waliokaa mezani walikuwa Waafrika wenyewe, nao walijifunga wao kwanza.

Kenya imetimiza sehemu ya ahadi hiyo mbele ya watu. Mwaka 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto Ngong, na mwezi wa Juni 2021 nyingine 5,144. Mwaka 2014 sheria ilirekebishwa ili leseni zitolewe na bodi, isiwe kazi ya ofisa mmoja. Mwezi wa Desemba 2018 Serikali iliamuru wenye leseni wote wachunguzwe upya, kwa kuwa vyeti vingine vilikuwa vimepatikana kwa njia zisizo halali.

NA YULE MFUGAJI WA IGEMBE?

Sasa turudi kwa swali tulilolianza. Mfugaji husema: "Mwizi ana bunduki bila cheti. Mimi nikiitii sheria nabaki na fimbo. Je, sheria yamlinda nani?"

Haifai kumjibu kwa hasira. Serikali yenyewe ilikubali uzito wa swali lake ilipowapa silaha askari wa akiba wa polisi, yaani raia wa kujitolea walinzi wa mahali pao. Bunduki zao ni za Serikali, nazo huandikwa. Mwaka 2019, silaha za askari hao zilipokusanywa katika sehemu kadhaa ili wachunguzwe upya, wananchi wengi walilalamika ya kuwa wameachwa wazi mbele ya wevi. Tena mwezi wa Februari 2023 sehemu za kaunti sita za kaskazini na za Bonde la Ufa zilitangazwa kuwa za hatari, na wenye silaha haramu wakapewa siku tatu wazirudishe. Kukusanya bunduki ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumlinda aliyeitoa. Ikiwa jirani upande mmoja anapokonywa na jirani upande wa pili anaachwa, basi sheria imempa mwizi zawadi.

Lakini mfugaji naye afikiri. Bunduki isiyo na jina haikai kwa mtu mmoja. Leo yalinda zizi. Kesho mtoto wa nyumba huichukua kwa ugomvi wa shamba au wa kileo. Keshokutwa huuzwa, nayo yarudi usiku kuiba ng'ombe wale wale iliowalinda. Hakuna bunduki ya mwizi ambayo haikuwa ya mtu mwingine kwanza. Kwa hiyo cheti ni zaidi ya karatasi ya Serikali. Ni ahadi ambayo mtu huwapa jirani zake ya kuwa silaha hii ikitenda uovu, jina lake litajulikana.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, cheti ni cha mtu mmoja, wala hakirithiwi. Mwenye bunduki akifa, mjane au wana wake wasiiweke nyumbani kwa kudhani ni mali kama shamba au ng'ombe. Waarifu polisi mara moja, waulize taratibu iliyopo.

Pili, mtu akiokota risasi au chuma asichokijua shambani au ukingoni mwa msitu, asikiguse wala asiwape watoto wakichezee. Aweke alama, akamwite chifu au polisi.

Tatu, msamaha ukitangazwa, aliye na silaha ya haramu autumie. Bunduki iliyotolewa siku ya msamaha humpunguzia mtu mzigo. Ile iliyopatikana siku ya msako humpeleka kifungoni kwa miaka mingi.

Nne, wananchi wanayo haki ya kudai ulinzi. Katika baraza la chifu na katika mikutano ya usalama, yafaa wazee waulize wazi: Zile silaha zilizorudishwa ziko wapi? Askari watakaolinda mpaka wetu ni wangapi? Kuuliza hivyo si ukaidi, bali ni kuisaidia sheria ifanye kazi yake.

Sheria ya bunduki ilizaliwa katika hofu ya wakubwa wa Ulaya, ikakuzwa katika vita vya msituni, na leo ni ya wananchi wenyewe. Uso wa kutawala umepungua, uso wa kulinda umebaki. Na utabaki kwa kadiri daftari litakavyoandikwa kwa uaminifu, jina la mkubwa na la mdogo likiandikwa kwa kalamu moja.